Shahidi wa Mlango

Jina la Jacklyne lilitoka kwenye karai likiwa la arobaini na moja, na Mbithe ndiye aliyeliandika.

Hakuwa na la kufanya ila kuandika. Alikuwa katibu wa kamati ya wakazi wa Misonobari, mtaa mdogo wa nyumba za zamani za kaunti kule Waithaka, na tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye meza ya mbele katika ukumbi wa kanisa, daftari wazi, kalamu mkononi. Mbele yake palikuwa na karai la plastiki la kikundi cha akina mama, limejaa vikaratasi vilivyokunjwa. Serikali ilitaka kompyuta ndiyo ichague watakaopata nyumba mpya. Wakazi walikataa katakata. Kompyuta, walisema, inaweza kunong'onezwa na mtu. Karai halina masikio.

Familia zilikuwa sabini. Nyumba katika jengo la kwanza zilikuwa arobaini na nane. Jengo la pili lingejengwa pesa zikipatikana, na pale ukumbini hapakuwa na mtu mzima asiyejua maneno hayo huchukua miaka mingapi.

Karatasi ya Mbithe ilitoka ya arobaini na tisa.

"Wa kwanza kwenye akiba!" akatangaza Mzee Masila, mwenyekiti, kwa sauti ya kumpoza. "Mtu mmoja tu akianguka, katibu wetu anaingia."

Watu wakapiga makofi. Mbithe aliinamia daftari na kuandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko uleule mzuri uliomfanya achaguliwe katibu, kisha akahisi mikono ikimkumbatia kutoka nyuma na harufu ya mafuta ya nywele ikimjaa puani.

"Mbithe! Aki ya Mungu, choo ndani ya nyumba!" Jacklyne alikuwa akilia na kucheka. "Nitakuwa naamka tu, naingia, natoka. Hakuna kupiga foleni nyuma ya Mama Nanyama na radio yake."

"Hongera," Mbithe akasema.

"Na wewe unakuja. Si umesikia? Ni mtu mmoja tu. Nitakuombea mtu akose."

Milango yao ilitazamana. Kati yao palikuwa na hatua nne na kamba moja ya kuanika nguo, waliyoinunua pamoja. Jacklyne, msusi kutoka Malava, alikuwa amekaa pale miaka tisa na bintiye Joyline. Mbithe alikuwa na miaka sita tangu atoke Mwala. Wakati Mbithe alipolazwa kwa homa ya mapafu, Jacklyne ndiye aliyemletea uji hospitalini. Jacklyne alipoitwa nyumbani ghafla, Mbithe ndiye aliyeachiwa ufunguo. Hawakuwahi kuitana marafiki. Hilo lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa.

Sasa Mbithe alianza kugundua mambo. Kwamba Jacklyne huimba akifua, tena wimbo mmoja, tena bila kuumaliza. Kwamba humwaga maji ya nywele karibu mno na mlango wa watu. Kwamba akicheka hufungua kinywa chote. Miaka sita hakuwa ameyaona haya, na sasa yalimwandama kama mbu.

Kila asubuhi, akienda kazini kwenye kliniki ya meno pale Adams Arcade, alipokuwa mpokezi, njia yake ilipita kando ya ua wa mabati wa mradi. Jengo lilikuwa limekwisha pakwa rangi. Alijua dirisha la nyumba aliyopewa Jacklyne, namba arobaini na moja: ghorofa ya tatu, upande unaopata jua la asubuhi. Alijikataza kuangalia. Kisha akaangalia. Siku nyingine alivuka barabara akapita upande wa pili kwenye matope, ili asilione, na kutoka huko akaliona vizuri zaidi.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa karatasi. Kila mwisho wa mwezi, kwenye hati yake ya mshahara, palikuwa na mstari ulioandikwa tozo ya nyumba. Ulikuwapo tangu serikali ilipoanza kuikata. Jacklyne hakuwa na mwajiri wa kumkata chochote. Alisuka nywele kwenye kibanda chake, akalipwa mkononi, basi. *Mimi ndiye ninayeijenga,* Mbithe aliwaza, akiikunja karatasi mara nne. *Yeye ndiye atakayelala ndani.* Alijua wazo hilo halikuwa la haki yote. Alilipenda hivyo hivyo.

Jacklyne hakuona kitu. Jioni alikuja kama kawaida akasimama mlangoni pa Mbithe na kikombe cha chai, akaanza.

"Unajua kuna mahali pa sinki? Ndani? Nimefikiria, wateja wangu nitawaoshea hapo hapo. Nimeona pazia moja sokoni Gikomba, rangi ya kitunguu. Ama ni mbaya?"

"Si mbaya."

"Wewe siku hizi unaongea ni kama unalipia maneno. Kazi imekuzidi?"

"Kazi tu," Mbithe akasema.

Kulikuwa bado na hatua moja kabla ya funguo, na hatua hiyo waliibuni wakazi wenyewe. Walikuwa wamesikia habari za miradi mahali pengine ambapo orodha zilijaa majina ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakichota maji. Kwa hiyo Misonobari ikasema pesa zije, mkandarasi aje, lakini majina yatapita mikononi mwao. Zedekiah, karani wa mradi, kijana mwenye faili na viatu vilivyong'aa, alibishana nao siku nzima.

"Hizi ni pesa za umma, wazee wangu."

"Na umma ni nani?" Mzee Masila aliuliza, akiuonyesha ukumbi kwa mkono. "Hawa ni wageni wa harusi?"

Walishinda. Wakakubaliana kwamba kila aliyepata nyumba atathibitishwa na jirani ambaye mlango wake unatazamana na wake, kwa maana huyo ndiye anayejua taa yako inazimwa saa ngapi. Wakamwita shahidi wa mlango. Shahidi angeulizwa maswali matatu mbele ya watu wote: Unamjua? Anaishi hapa? Alikuwa mtaani siku ya hesabu? Siku ya hesabu ndiyo siku maofisa walipopita nyumba kwa nyumba wakiandika namba za chaki milangoni. Na kwa kuwa watu wa Misonobari wakipewa nafasi ya kueleza hueleza mpaka jua linazama, Mbithe mwenyewe alipendekeza kwamba shahidi ajibu ndiyo au la tu. Alipigiwa makofi kwa hilo. Alichofikiria ni kumaliza mkutano mapema. Hakuna aliyefikiria itakuwaje shahidi akiwa ndiye anayefuata kwenye foleni.

Jumamosi ya uthibitisho ukumbi ulijaa hadi madirishani. Majina yakaitwa moja moja. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Zedekiah alitia alama bila kuinua macho. Mama Nanyama, aliyepata nyumba ya chini kwa sababu ya magoti yake, alipoulizwa kama anamjua jirani yake Lenox, alisema, "Namjua kuliko mke wake," na ikabidi mwenyekiti agonge meza.

"Arobaini na moja. Jacklyne, mama Joyline. Shahidi wa mlango ni katibu wetu."

Mbithe akasimama. Jacklyne naye alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kavaa gauni la kanisani, kajipaka rangi ya mdomo. Alimkonyeza Mbithe jicho.

"Unamjua huyu?"

"Ndiyo."

"Anaishi Misonobari?"

"Ndiyo."

"Alikuwa mtaani siku ya hesabu?"

Siku hiyo Jacklyne alikuwa Malava akimzika mama yake. Mbithe aliikumbuka vizuri. Yeye ndiye aliyewafungulia maofisa mlango kwa ufunguo alioachiwa, akawaonyesha kitanda, sufuria na vitabu vya Joyline, akawaambia mwenyewe yuko matangani, na wakaandika namba. Alikuwa hata amewagombeza kidogo walipotaka kuuruka mlango ule.

Aliona dirisha la ghorofa ya tatu. Aliona pazia la rangi ya kitunguu.

"La," akasema.

Mzee Masila aliinama mbele. "Umesema?"

"La. Hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

Zedekiah akainua kidole kwa upole. "Mwenyekiti, sheria ni yenu. Ndiyo ama la. Maelezo hakuna." Akaandika. "Jina limesimamishwa. Shahidi akiwa na marekebisho, mkutano ujao, Jumamosi. Asipokuwa nayo, tunachukua wa akiba."

"Mbithe," Jacklyne akasema. Hakupaza sauti. "Waambie nilikuwa wapi."

Mbithe aliketi. Alishika kalamu akaandika saa ya mkutano, ingawa alikuwa amekwisha kuiandika juu ya ukurasa. Nililosema ni kweli, alijiambia. Kila neno ni kweli.

Jumapili asubuhi alipofungua mlango alikuta nguo za Jacklyne zimeondolewa kwenye kamba. Kamba haikukatwa, wala haikuguswa. Jacklyne alikuwa amefunga waya wake mwingine kutoka dirishani hadi kwenye mti wa jirani, na sketi ya shule ya Joyline ilikuwa ikidondosha maji huko. Jacklyne mwenyewe alikuwa akiosha vyombo. Hakuimba. Mbithe, aliyekuwa ameuchukia wimbo ule majuma matatu, alijikuta anatega sikio.

Kwenye mfereji, Mama Nanyama alisogeza ndoo yake kando kwa madaha.

"Mpisheni mwenye nyumba. Usichoke mama, huko kwenu ghorofani maji yatakuwa yanakuja yenyewe."

"Mama, mimi nilijibu nilichoulizwa."

"Eeh. Hata nyoka akiulizwa kama amekugusa na mkono, anasema hapana." Wanawake wakaangua kicheko. Mbithe alichota nusu ndoo akaondoka.

Alitarajia Jacklyne aje amtukane. Alijiandaa, hata maneno akayapanga: tozo, hati ya mshahara, sheria ni sheria. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Jacklyne alifunga na kufungua mlango wake kama mtu anayeishi mkabala na ukuta.

Jumatano Zedekiah alimpigia simu kazini. Wa kwanza kwenye akiba alikuwa na haki ya kuiona nyumba kabla ya Jumamosi. Je, angekuja saa ya chakula? Mbithe aliomba ruhusa kwa daktari, akavua sare, akapanda matatu, akateremka akienda nusu mbio. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, furaha yenye haraka.

Zedekiah alimpandisha ngazi, akafungua namba arobaini na moja, akapokea simu akabaki nje.

Nyumba ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani na nzuri kuliko alivyodhani. Vyumba viwili, jiko, choo chenye mlango wake. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe. Jua lilikuwa limekwisha kuhama, lakini ukuta ulikuwa bado na joto lake. Jacklyne naye alikuwa ameletwa hapa kabla ya uthibitisho, kama wote, na alikuwa amekuja na penseli. Kando ya sinki palikuwa na alama ndogo: *kioo*. Kwenye soketi: *drai*, ya kukaushia nywele. Katika chumba kidogo, mstari mrefu wa kitanda, na juu yake, kwa herufi za mtoto wa shule: *Hapa ni pa Joyline. Usiguse.*

Mbithe alisimama katikati ya sebule na kujaribu kuweka vitu vyake. Kitanda chake. Kabati. Meza ya mama yake iliyotoka Mwala. Alijaribu upande wa dirisha, akajaribu upande wa mlango. Havikukaa. Kila alipoweka kabati, aliona kiti cha kusukia. Kila alipotundika pazia dirishani, lilikuwa la rangi ya kitunguu. Akajaribu tena, kwa bidii, kama mtu anayetafuta jina lililomponyoka, na hapo akaelewa jambo lililomfanya aketi chini kwenye vigae. Majuma yote haya hakuwahi hata mara moja kujiona yeye mwenyewe akiishi humu. Alichokuwa akikitazama siku zote ni Jacklyne akiwa ndani, na alichokuwa akikitamani ni Jacklyne akiwa nje. Nyumba yenyewe hakuwa ameifikiria.

"Umeipenda?" Zedekiah aliuliza mlangoni.

"Ni nzuri," Mbithe akasema. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Zedekiah, jengo la pili pesa zake zimekuja?"

Kijana alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuwa akitania. "Bado, dada. Nikikudanganya Mungu ananiona. Labda bajeti ijayo. Labda ile nyingine."

Siku zilizobaki alizipitisha akigombana na nafsi yake. Asingerekebisha kitu, hakuna ambaye angemlazimisha. Angehamia, watu wangesema mwezi, miezi miwili, kisha wangezoea. Nairobi watu wana shida zao. Akiwa kwenye kaunta, akiwaandikia wagonjwa zamu, alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini kila jioni alirudi kwenye mlango uliofungwa hatua nne kutoka kwake.

Jumamosi alisimama kabla hata ajenda haijasomwa.

"Nina marekebisho."

Hakuwahi kupenda kusema mbele ya watu. Ndiyo maana alikubali kuwa katibu, kazi ya kuinama. Mzee Masila alimwashiria aendelee.

"Niliulizwa kama Jacklyne alikuwa mtaani siku ya hesabu nikasema la. Alikuwa Malava, amefiwa na mama. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliwafungulia maofisa, wakaona vitu vyake, wakaandika namba. Yeye ni mkazi kuliko mimi. Alinipita miaka mitatu."

"Na Jumamosi iliyopita haukujua haya?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nilijua."

"Sasa mbona ukasema la?"

"Mwacheni," Mzee Masila akasema.

"Nilimwonea wivu," Mbithe akasema. "Hakuna kingine."

Kulikuwa na minong'ono. Mama Nanyama akasema, "Angalau huyu ameuita wivu wake kwa jina," na hakuna aliyecheka.

Zedekiah alikuwa akipekua faili. Alionekana kana kwamba angetaka kuwa mahali pengine. "Mwenyekiti, kuna shida. Shahidi huyu yuko kwenye akiba. Anafaidika jina likitoka. Wakubwa wakiuliza ni ushahidi gani huu, unabadilika kila wiki, nitawaambia nini? Watasema kamati zenu hazifai, warudishe kompyuta."

Hapo ukumbi ukachemka kweli. Walikuwa wamepigania karai lile na milango ile, na sasa vyote vingeondoka kwa sababu ya mwanamke mmoja na mdomo wake. Lenox alisimama akasema katibu ajiuzulu. Mwingine akasema orodha yote irudiwe. Mzee Masila aligonga meza mpaka kalamu zikaanguka.

Mbithe aliuinua mkono. Alikuwa bado hajaketi.

"Nitoeni kwenye akiba," akasema. "Nikiwa mwisho wa orodha, sifaidiki na kitu. Ushahidi wangu utasimama. Na muandike kuanzia leo, shahidi asiwe mtu wa akiba, na aruhusiwe kueleza. Ile ya ndiyo au la nilikosea mimi."

"Mwisho ni namba sabini," Zedekiah akasema taratibu, kama anayempa nafasi ya kujirudi. "Unaelewa? Hilo ni jengo la pili lote."

"Naelewa."

Mzee Masila akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Namba hamsini, fundi viatu aliyekuwa amesinzia karibu na dirisha, aliamshwa na wenzake akaambiwa kwamba sasa yeye ndiye wa kwanza kwenye akiba, naye akauliza kwa nini.

Watu walipokuwa wakitoka, Jacklyne alikuja hadi kwenye meza. Alikuwa na nguo za kazini leo, na kipande cha nywele za kusukia kilikuwa kimenasa kwenye mkono wa sweta yake. Alisimama hapo, mikono kifuani.

"Sitakuambia asante."

"Sijakuomba."

"Siku saba, Mbithe. Joyline ameniuliza kila siku kama tunaenda ama hatuendi. Siku saba namwambia subiri."

"Najua."

"Haujui. Wewe hauna mtoto wa kukuuliza." Ilionekana hilo lilitoka kali kuliko alivyotaka, lakini hakulirudisha. "Na hiyo wivu, imeisha?"

Mbithe alitafuta jibu zuri. Angeweza kusema imeisha. Ndilo lililofaa kusemwa, na pengine lingemrudishia kikombe cha chai mlangoni.

"Bado," akasema.

Jacklyne alimtazama usoni. Kitu fulani kilipita kinywani mwake, hakikuwa tabasamu bado.

"Basi kaa nayo huko kwako. Usinipandishie floo ya tatu." Akageuka. Mlangoni alisimama bila kuangalia nyuma. "Alhamisi nahama. Nina kabati nzito. Ukiwa free, uko free. Usipokuwa, nitatafuta watu."

Akaenda.

Ukumbi ulibaki na viti vilivyopinda safu na Zedekiah aliyesubiri orodha aipeleke mjini, ofisini kwao. Mbithe alifungua ukurasa mpya. Juu aliandika tarehe. Chini yake alianza kuandika namba na majina ya waliothibitishwa, mstari kwa mstari, bila kufuta, bila kukosea. Alipofika arobaini na moja mkono ukasita. Dirisha lile lilikuwa palepale akilini mwake, na jua lake lote.

Akaandika Jacklyne, polepole, na kila herufi ikamuuma, mpaka jina likakamilika.